Zawadi Iliyo Mishipani Mwetu

Tarehe 23 Desemba 1954, katika mji wa Boston, Marekani, kijana mmoja alimpa pacha wake figo lake moja, naye mgonjwa akapona. Tangu siku ile madaktari wamejifunza mengi, na mwaka 2017 kazi hiyo ilifanyika hata Muhimbili, Dar es Salaam. Naye Papa Yohane Paulo II, katika barua yake ya mwaka 1995 juu ya uhai wa binadamu, aliwasifu watu watoao viungo vyao kwa njia iliyo halali, ili kuwasaidia wagonjwa wasio na tumaini jingine.

Huenda karani wa Kalemie asomapo habari hizi atasema, “Mambo hayo ni ya mbali.” Ni kweli, kwetu hakuna hospitali ifanyayo kazi hiyo. Lakini iko zawadi ya mwili iwezayo kutolewa hapa hapa kando ya ziwa, nayo ni damu.

Wakati wa mvua malaria huvunja chembe nyekundu za damu ya watoto wetu. Mtoto hupauka midomo, hupumua kwa shida, hata kunyonya hawezi. Hapo dawa peke yake haitoshi. Ahitaji damu leo, wala si kesho. Mama aliyetoka kijijini, akamwacha mumewe shambani, atampata nani usiku ule? Hata ndugu wakija, pengine damu yao haipatani na ya mtoto, au wao wenyewe ni wagonjwa.

Ninyi mfanyao kazi katika ofisi za reli, za bandari na za serikali ya jimbo, mwakaa mahali pamoja, na kuitana kwenu ni kazi nyepesi. Damu itolewayo mapema, ikitiwa dawa ya kuihifadhi, yaweza kukaa katika friji ya hospitali hata siku 35.

Wengine huogopa kuishiwa nguvu. Mtu mzima ana damu kiasi cha lita 5, naye hutolewa chini ya nusu lita. Maji yake hurudi kwa siku moja au mbili, na chembe nyekundu kwa majuma machache. Mwanamume aweza kutoa tena baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4. Mtoaji awe na miaka 18 au zaidi, uzito wa kilo 50 au zaidi, na afya njema. Mwenye mimba na anyonyeshaye wasitoe. Damu yapasa kupimwa ukimwi, homa ya ini na kaswende. Lakini ugonjwa mchanga waweza kufichika katika vipimo. Kwa hiyo mwenye mashaka aseme kweli mbele ya mwuguzi, maana uongo wake waweza kumwua asiye na hatia.

Wengine husema, “Nitamtolea ndugu yangu, bali si mgeni.” Neno hili tulitazame sana. Tangu mwaka 2013 Waluba na Watwa wa jimbo letu walipigana, vijiji vikachomwa, na maelfu ya watu wakakimbilia kambi zilizo karibu na Kalemie. Damu nyingi ilimwagwa kwa ajili ya kabila. Lakini damu yenyewe haina kabila: ina makundi tu, A, B, AB na O. Makundi yakipatana, damu ya Mluba yamponya Mtwa, na ya Mtwa yamponya Mluba. Msamaria mwema hakumwuliza kabila lake yule aliyelala njiani.

Shauri letu ni hili. Katika kila ofisi mtu mmoja aandike majina ya wenye kukubali, aende hospitalini kuuliza siku ifaayo. Waende wamekula na kunywa maji, wala wasidai malipo, kwa kuwa zawadi haiuzwi. Tarehe 14 Juni ni siku ya wachangiaji damu ulimwenguni. Lakini mtoto mgonjwa hawezi kungoja Juni.

Na karani arudipo nyumbani na bandeji mkononi, watoto wake watamwuliza imekuwaje. Awaeleze yote. Siku moja nao watakuwa watu wazima, na mtoto wa mtu mwingine atawahitaji.