Kuchomelea chini ya gari: chuma hudondoka kwa kuwa kingi

Msimu wa kununua pamba ukifunguliwa Simiyu, karakana za Bariadi huanza kupokea Fuso na matrela ya trekta yenye vishikio vya springi vilivyopasuka na vyuma vya kukingama vilivyoachia chesisi. Lami ya kutoka Lamadi kupitia Bariadi na Maswa haina ugomvi na gari. Shida iko kwenye njia za vijijini, Itilima na Meatu, mzigo unakopakiwa. Fundi hulala chali, huchomelea, na mshono ukiachia lawama huangukia kazi ya kuelekea juu, kwamba chuma lazima kimwagike.

Si lazima. Chuma kilichoyeyuka kina mvutano wa uso unaokishikilia, kama matone chini ya mfuniko wa sufuria: dogo hukaa, likinenepa huanguka. Kwa hiyo kazi yote ni kukizuia kidimbwi cha moto kisikue.

Hapo wengi hukosea mara mbili kwa mpigo. Kwa kuogopa cheche huiweka rodi mbali, kisha hushusha ampea. Rodi ikiwa mbali, moto hutawanyika, matone huwa makubwa na hewa hupenya ndani ya mshono. Ampea zikipungua mno, chuma hukaa juujuu bila kuzama. Mshono wa namna hiyo huweza kupendeza macho, na ndiyo hatari yake.

Nafasi kati ya ncha ya rodi na chuma isizidi unene wa waya wa rodi yenyewe. Geji 12, ambayo pakiti huiandika milimita 2.5, hufanya kazi kati ya ampea 60 na 90 hivi. Anzia katikati, ujaribu kwanza kwenye kipande chakavu cha unene uleule ulichokifunga juu, si kilicholala sakafuni. Inamisha rodi nyuzi 5 hadi 15, mkono ukitangulia unakoelekea. Usiyumbishe rodi ili kujaza pengo kwa safari moja. Piga mistari myembamba, na kila mmoja uugonge ganda na kuusugua kwa brashi ya waya kabla ya unaofuata. Geji 10 hujaza upesi, ila kidimbwi chake ni kipana. Mimi huiachia vyuma vinene tu.

Soma pia namba ya rodi. Kwenye E6013, tarakimu 1 iliyo ya pili kutoka mwisho inaruhusu mikao yote. E7024, yenye 2 mahali hapo, haikutengenezwa kwa kazi ya juu. Dawa iliyopakwa kwenye rodi ndiyo hutoa gesi ya kukinga chuma na ganda la kukibeba kinapoganda. Msweden Oscar Kjellberg, aliyeanzisha kampuni ya ESAB mwaka 1904, aliibuni alipokuwa akitafuta mishono bora ya kukarabati meli. E7018 ina nguvu zaidi, lakini huharibiwa na unyevu, na kwenye mashine nyingi zinazosukwa nyaya mtaani moto wake huzimika ovyo. E6013 kavu iliyopigwa vizuri inaishinda E7018 iliyolala wazi dukani.

Sasa udongo. Tope jeusi la mbuga hukauka kwenye kona za chesisi likiwa limeshika maji na grisi, na vyote viwili huacha matundu kwenye mshono. Kwangua hadi chuma king'ae. Ondoa na nyuzi za pamba zilizonasa humo, maana cheche moja inatosha kuziwasha, na tangi la mafuta haliko mbali. Gari likae juu ya stendi, kamwe si jeki pekee. Chomoa betri, na klampu ya ethi uibane karibu kabisa na kiungo ili umeme usipite kwenye beringi.

Kishikio kinachofunguka kwa bolti kifungue ukachomelee mezani. Sioni ushujaa wowote wa kukitengenezea chini. Usipige mshono kukingama ukingo wa chini wa chesisi, kwa sababu mzigo huuvuta ukingo huo na ufa huanzia hapohapo. Kiraka kichongwe ncha za mshazari, na kishonwe kwa urefu wa chesisi. Jani la springi lililovunjika halichomelewi kabisa: chuma chake kimekomazwa kwa joto, na moto wa rodi hukifanya kikatike kama kioo. Linabadilishwa.