Ufanano wa Sentensi katika Masimulizi ya Maradhi: Kiswahili, Kompyuta na Takwimu za Vifo Rufiji

1.0 Utangulizi

Mhadhara huu unahusu upimaji wa ufanano wa sentensi kwa kutumia kompyuta, hususani sentensi zinazoeleza maradhi. Swali la msingi ni hili: kompyuta itatambuaje kwamba sentensi mbili, zilizotamkwa na watu wawili, zinaeleza dalili moja? Nchini Ufaransa, shindano la DEFT la mwaka 2020 liliwataka washiriki kuunda programu za kukadiria ufanano wa jozi za sentensi za Kifaransa, zikiwamo za nyanja ya tiba, kwa alama kuanzia 0 hadi 5. Kipimo cha ubora kilikuwa alama zilizotolewa na watu. Kwa upande wa Kiswahili, suala hili linajitokeza bayana katika Rufiji.

2.0 Masimulizi ya Wafiwa

Vijijini wengi hufia nyumbani, bila daktari kuandika chanzo cha kifo. Kwa sababu hiyo, mfumo wa ufuatiliaji wa idadi ya watu na afya ulioanzishwa Rufiji mwaka 1998, chini ya mradi wa TEHIP, ulitumia uchunguzi wa kifo kwa njia ya mahojiano. Mhoji humwendea ndugu wa marehemu, humwuliza maswali yaliyopangwa, kisha humwacha asimulie. Takwimu zilizopatikana ziliisaidia halmashauri kupanga bajeti ya afya kulingana na mzigo wa maradhi. Hivyo basi, sentensi ikieleweka visivyo, fedha huweza kuelekezwa pasipostahili.

Baadaye zilitokea programu, kama vile InterVA, zinazokadiria chanzo cha kifo kutokana na majibu ya maswali yaliyopangwa. Simulizi lenyewe hubaki kando, ilhali humo ndimo mfiwa anamosema kwa maneno yake.

3.0 Udhaifu wa Kuhesabu Maneno

Njia rahisi ya kupima ufanano ni kuhesabu maneno yanayojirudia. Tuchunguze mifano hii iliyotungwa kwa ajili ya maelezo:

(a) Mtoto alikuwa na homa kali.
(b) Mtoto hakuwa na homa kali.
(c) Mwili wa mwanangu ulikuwa ukichemka.

Sentensi (a) na (b) zina maneno manne ya pamoja kati ya matano. Kwa hesabu hiyo zinakaribiana sana, japokuwa zinapingana. Sentensi (a) na (c) hazina hata neno moja la pamoja, ingawa mama yeyote wa Mtunda au Kibiti angezielewa kuwa karibu ni kitu kimoja. Hata kitenzi kilekile, *alikuwa* na *ulikuwa*, huhesabiwa kuwa maneno mawili, kwa kuwa kompyuta haioni mpaka kati ya kiambishi cha nafsi au ngeli na mzizi. Ukanushi nao, ambao katika Kifaransa kwa kawaida hubebwa na maneno yanayojitegemea, katika Kiswahili hujificha ndani ya kitenzi.

Vilevile, *alitapika damu* na *alikohoa damu* hutofautiana kwa kitenzi tu. Lakini ya kwanza huelekeza tumboni na ya pili mapafuni.

4.0 Kujifunza kwa Mifano

Njia ya pili ni kuifunza kompyuta kwa mifano. Kila sentensi hugeuzwa kuwa safu ya namba, na sentensi zenye maana moja husogezwa karibu. Uchanganuzi wa mofolojia, kama ule wa mfumo wa SALAMA ulioasisiwa na Arvi Hurskainen katika Chuo Kikuu cha Helsinki, huweza kutangulia ili viambishi vitenganishwe na mizizi. Mifumo ya siku hizi inayojifunza lugha nyingi kwa pamoja inakijua Kiswahili pia, ila kwa sehemu kubwa ni Kiswahili cha mtandaoni. Kiswahili cha delta, kinachoishi bega kwa bega na Kindengereko, hakimo humo kwa kiasi cha kutosha.

Hapa neno *degedege* linatufundisha jambo. Anayesema "alishikwa na degedege" na anayesema "macho yaligeuka, mwili ukakakamaa" huenda wanaeleza tukio moja, na alama ya ufanano yastahili kuwa ya juu. Hata hivyo, wapo wanaolihusisha degedege na mashetani, na daktari huweza kulihusisha na malaria kali. Ufanano wa dalili si ufanano wa chanzo. Kompyuta ipime ule wa kwanza. Wa pili ni kazi ya tabibu.

5.0 Hitimisho

Kazi hii haiwezi kuachiwa wahandisi peke yao. Wanaisimu wanapaswa kukusanya jozi za sentensi kwa idhini ya wahusika na kwa kuficha majina, kuzipa alama watu wawili bila kushauriana, na kuuchunguza upya mwongozo pale alama zinapoachana. Wazawa wa Rufiji wawe miongoni mwa watoa alama, kwani ndio wanaojua mwenzao amesema nini. Pasipo hivyo, tutakuwa na mashine inayohesabu maneno ya wafiwa bila kuwasikia.