Kitabu Kisifiwacho Kipatikane

Desturi moja njema imeenea kwa wasomaji wa Moshi na wa vijiji vya mlimani, nasi twaipongeza kabla hatujaikosoa. Mtu akimaliza kitabu, au hata akiwa katikati yake, huwaarifu wenzake kwa simu: nasoma kitabu fulani, mwandishi wake ni fulani, kisomeni nanyi. Mwalimu aliye Rombo humwambia muuguzi aliye Machame, naye muuguzi humwambia ndugu yake aliye Mwanza au Muscat. Wengine wao hawajapata kuonana kwa macho, lakini wajuana kwa vitabu.

Wako wadhanio kwamba jambo hili limezaliwa pamoja na simu. La hasha. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya kikoloni mwezi wa Januari 1923, lilipita katika mikono mingi kuliko ya wale walionunua. Asiyejua kusoma alisomewa, na msomaji wa upande mmoja wa Tanganyika aliweza kumjibu wa upande mwingine katika kurasa zake, mara nyingi kwa mashairi. Hapa Moshi penyewe Baraza la Wachagga lilikuwa na gazeti lake, Komkya, tangu 1953 hata 1961. Jina lilikuwa la Kichagga, maana yake kumekucha, lakini lugha yake ilikuwa Kiswahili, na barua za wasomaji zilikuwa na nafasi kubwa ndani yake. Aliyetaka kusema neno alilisema kwa hoja, akijua kwamba jirani yake atalisoma na pengine kumpinga katika toleo lijalo.

Vitabu navyo vilisafiri. East African Literature Bureau, iliyoanza kazi mwaka 1948, ilipeleka masanduku ya vitabu vijijini na kuwaazima wasomaji vitabu kwa njia ya posta. Baada ya Uhuru kazi hiyo ilichukuliwa na huduma ya maktaba ya taifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Moshi ikapata maktaba yake ya mkoa. Twalikumbuka sanduku lile kwa sababu moja. Siku zile habari za kitabu zilikwenda polepole, lakini kitabu chenyewe kilizifuata. Siku hizi sifa zafika kufumba na kufumbua, na sanduku haliji.

Hebu tuchukue mfano. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Mwaka uliofuata riwaya yake iliyotoka Uingereza mwaka 1994 ilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, na kampuni ya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam. Sehemu ya kisa chake yatukia katika mji ulio chini ya mlima mkubwa, na msomaji wa Marangu hatachelewa kukisia ni mlima gani. Je, mtu aliye Mwika, akisikia rafiki yake akiisifu riwaya hiyo, afanye nini? Atashuka mjini. Madukani atakuta vitabu vya shule na vya ibada, na kando yake vitabu vya kufundisha utajiri vilivyoandikwa Marekani. (Wenye maduka hatuwalaumu. Huuza kinachoulizwa, na mteja mmoja aulizaye riwaya mara moja kwa mwaka hawezi kumfanya mwenye duka aagize kasha zima.) Atapanda tena kwao mikono mitupu. Jioni mtu mwema atamtumia kitabu kizima ndani ya simu, kimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa.

Mtu huyo hana nia ya wizi. Amtendea mwenzake hisani. Lakini gharama ya hisani hiyo yalipwa na mwandishi, ambaye hakuulizwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yamlinda, ila hakuna askari awezaye kusimama mlangoni pa kila simu. Kwa hiyo afadhali tuitazame hesabu yenyewe. Kitabu cha hadithi cha Kiswahili huchapwa kwa nakala chache, na nakala hizo zikilala ghalani huku kurasa zake zikisambaa bure nchi nzima, mchapishaji hatakichapa cha pili cha mwandishi yule. Twaweza basi kukisifu kitabu mpaka tukakiua.

Kuazimana ni jambo jingine kabisa. Nakala moja ikisomwa na watu kumi, imekwisha kulipiwa, yachakaa, na mwishowe mtu hununua nyingine. Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, ya mwaka 1971, ilipozuiwa shuleni ilizidi kutafutwa, ikapita mkono kwa mkono, na baadaye ikachapwa tena.

Watu wa mlima huu hawahitaji kufundishwa dawa ya shida hii. Mkulima mmoja mwenye gunia lake la kahawa hakuwa na sauti mbele ya mnunuzi. Ndipo wakulima walipounda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 KNCU, wakauza pamoja. Kwa nini wasomaji nao wasinunue pamoja? Watu kumi na wawili ambao wamekwisha kusifiana kitabu kimoja waweza kuchanga fedha, kumwandikia mchapishaji, na kuletewa kifurushi kimoja kwa basi la Dar es Salaam hadi stendi ya Moshi. Safari hiyo ni ya kilometa zipatazo 550, na mabasi huifanya kila siku. Nauli ya kifurushi ikigawanywa kwa kumi na wawili si kitu. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza nchini mwaka 1991, ulikwisha kutuonyesha njia: ulinunua sehemu kubwa ya nakala za kitabu na kuzigawa shuleni, na mchapishaji mwenye hakika ya mnunuzi akapata moyo wa kuchapa. Vitabu vikisha kusomwa viwekwe kwenye rafu moja, katika ofisi ya chama cha msingi, au shuleni, au kwa fundi cherehani asiyefunga duka mapema.

Tena yatupasa kusifu kwa maana. Kusema tu kwamba kitabu ni kizuri sana ni kusema bure. Tumeona hata picha za kitabu kando ya kikombe cha kahawa, alama ya ukurasa ikiwa pale pale mwezi mzima. Kijana akiuliza habari za mila za wazee wake, aambiwe waziwazi: Mangi Petro Itosi Marealle wa Marangu aliandika Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kikatoka mwaka 1947 na kuchapwa tena mwaka 2002, kwa Kiswahili. Kisha aelezwe kinamfaa nani, wapi kinachosha, kilinunuliwa wapi na kwa bei gani. Maneno manne ya namna hiyo yana faida kuliko sifa ishirini.

Kila Desemba barabara ya kutoka Segera hujaa magari ya wana wa Kilimanjaro warudio nyumbani kwa Krismasi. Mizigo yao twaijua: mchele, sukari, mafuta, nguo za watoto, na kwa baba kitu cha kumpasha moto. Kitabu hatujakiona mara nyingi. Nao ndio hao hao ambao mwaka mzima wamewaambia walio nyumbani wasome hiki na kile, na ndio wanaoishi karibu na maduka yenye vitabu hivyo. Twaomba kila gari lije na viwili, kimoja cha watu wazima na kimoja cha watoto. Wala Januari wasivirudishe Dar es Salaam. Waviache kihambani, na kwenye ukurasa wa kwanza waandike jina la kijiji badala ya jina lao.