Skripti ya kufunga programu: Iombe kwanza kabla ya kuilazimisha

AFISI nyingi hupanga kompyuta zitengeneze nakala za akiba usiku, wakati wafanyakazi wamekwenda nyumbani. Hata hivyo, kazi hiyo huweza kukwama kwa sababu ndogo tu: kuna programu iliyosahauliwa ikiwa wazi.

Mfano mzuri ni Outlook ya jadi, ambayo huweza kuhifadhi barua pepe katika faili yenye kiishio .pst. Maadamu programu hiyo ingali wazi, huishikilia faili hiyo, na jaribio la kuinakili kwa njia ya kawaida huambulia patupu.

Dawa yake ni skripti, yaani faili ya maandishi yenye kiishio .bat ambamo amri hupangwa moja baada ya nyingine. Windows huzitekeleza kwa mfuatano huo bila kuhitaji mtu kwenye kibodi.

Amri mbili ndizo uti wa mgongo wa kazi hii. Ya kwanza, tasklist, huorodhesha programu zote zinazoendelea, nambari ya utambulisho ya kila moja na kiasi cha kumbukumbu inachotumia. Ya pili, taskkill, huzifunga. Zote mbili zilikuwamo katika Windows XP Professional ya mwaka 2001, na zingalimo katika Windows 11.

Sehemu ya kwanza ya skripti yaweza kuandikwa hivi:

tasklist | find /I "outlook.exe" >nul
if errorlevel 1 goto nakala
taskkill /IM outlook.exe
timeout /t 60 /nobreak >nul

Mstari wa kwanza hulitafuta jina la programu katika orodha. Lisipopatikana, skripti huruka moja kwa moja hadi sehemu iliyopewa jina "nakala", ambako kazi ya kunakili huanza. Likipatikana, Outlook huombwa ijifunge, kisha skripti husubiri kwa sekunde 60.

Neno "huombwa" lina uzito wake. Amri ya taskkill isipoongezewa kitu huipelekea programu ombi la kujifunga, sawa na pale mtumiaji anapobonyeza alama ya X pembeni mwa dirisha. Programu hupata nafasi ya kumaliza kuandika faili zake, au kuuliza iwapo kazi ihifadhiwe.

Ukiongeza /F, hakuna tena kuuliza. Programu hukatwa papo hapo, na chochote ambacho hakijahifadhiwa hupotea. Isitoshe, faili ya .pst iliyokatizwa katikati ya kuandikwa yaweza kuharibika. Hivyo, skripti iliyokusudiwa kuzilinda barua yaweza yenyewe kuwa chanzo cha kuzipoteza.

Baada ya sekunde hizo 60, skripti yapasa kuikagua orodha mara ya pili. Iwapo Outlook ingali wazi, huenda kuna swali kwenye skrini linalomsubiri mwenyewe. Mwandishi wa skripti ana njia mbili: kulazimisha, au kuandika taarifa katika faili ya kumbukumbu na kuiacha kazi hadi siku inayofuata. Njia ya pili ndiyo salama zaidi. Nakala ya usiku mmoja ikikosekana, yaweza kutengenezwa kesho yake. Faili iliyoharibika huenda isitengenezeke kamwe.

Tahadhari nyingine inahusu jina. Kiongezo /IM hufunga kila programu yenye jina lililotajwa, si ile moja tu uliyoikusudia. Aidha, kuna programu ambazo ni mhimili wa mfumo wenyewe: csrss.exe ikikatwa, Windows nzima huanguka.

Kwa hivyo, anayeanza na ajaribu kwanza kwa programu ndogo ya kuandikia inayouliza kabla ya kujifunga, akiwa ameandika maneno machache bila kuyahifadhi. Akitumia taskkill bila /F, kisha pamoja na /F, atajionea tofauti ya amri hizo kabla hajazikabidhi barua za afisi nzima.