Siku Mbili kwa Mistari Mitatu

Binti wa ndugu yangu hufanya kazi ya kompyuta akiwa nyumbani. Juma lililopita mamake alinijia na malalamiko: mwana amekaa siku mbili akiitazama mistari mitatu iliyoandikwa na mtu mwingine, na mwishowe akaikataa. "Shemeji, hiyo nayo ni kazi?" Nikaketi na binti, naye akanifahamisha.

Kompaila ni programu inayogeuza maandishi ya mtunzi wa programu yawe amri za mashine. Katika lugha ya C, aliyoibuni Dennis Ritchie huko Marekani, mtunzi halazimiki kuandika kila kitu upya. Hutoa amri ya kujumuisha faili nyingine, na yote yaliyomo huingizwa mahali pa amri ile kabla ya kufasiriwa.

Ugumu u katika kuitafuta faili yenyewe. Jina likiwa ndani ya alama za kunukuu, kompaila kama GCC huanzia katika folda ya faili iliyotoa amri. Likiwa ndani ya mabano ya pembe, haianzii hapo. Faili mbili zikiwa na jina moja, itakayokutwa kwanza ndiyo itakayochukuliwa. Sisi tuliosoma chuoni twaijua hali hii: mwalimu ataja kitabu kwa jina tu, huyu aja na matini, yule aja na sharhi, na kila mmoja afungua ukurasa bila shaka yoyote.

Mistari ile mitatu ilibadilisha utaratibu wa kutafuta. Mwenyewe alitaka kazi iende kasi, na nia yake ilikuwa njema. Lakini faili ya zamani ikiingia pahali pa mpya, huenda kompaila isilalamike hata kidogo. Kosa likajitokeza baadaye katika hesabu za mtu asiyejua lilikotoka.

Binti hakutosheka na dhana. Aliunda folda mbili, kila moja na faili ya jina lile lile, moja ina namba 1, nyingine 2. Kabla ya badiliko ilitoka 1. Baada yake, 2. Akamrudishia mwenyewe kwa maneno ya upole, pamoja na ushahidi huo.

Amejibu kwamba ataileta upya. Mamake sasa auliza kama hiyo nayo itachukua siku mbili.