Hesabu ya Kijana wa Siakago Anayekwenda Nairobi (Sehemu ya Pili)

Agizo la kima cha chini cha mshahara lililoanza kutumika Novemba 2024 limeikata Kenya mafungu matatu. Kibarua wa kawaida aliye Nairobi au Mombasa hapaswi kulipwa chini ya shilingi 16,113 kwa mwezi, mbali na marupurupu ya nyumba. Aliye katika miji iliyokuwa manispaa anastahili karibu shilingi 14,900. Kwingineko kote, na Siakago imo katika kwingineko huko, ni shilingi 8,596. Wa shambani ana agizo lake, nalo liko chini zaidi. Mikono ni ile ile na kazi ya kubeba mawe ni ile ile, lakini sheria ya nchi imekwisha kuandika kwamba jasho la Nairobi lina thamani karibu maradufu ya jasho la Siakago.

Katika sehemu ya kwanza nilisimulia jinsi Siakago ilivyokua baada ya kufanywa makao makuu ya wilaya mpya ya Mbeere mwaka 1996: ofisi, mahakama, na watumishi wa serikali waliohitaji vyumba vya kupanga na mahali pa kula mchana. Katiba mpya iliirudisha Mbeere ndani ya kaunti ya Embu, ila mji haukurudi ulikotoka. Sasa swali lililobaki. Ikiwa Siakago yenyewe inakua, kwa nini vijana wake bado wanapanda magari ya Nairobi? Jibu linalosikika barazani ni kwamba wanafuata anasa na wamechoka na jembe. Jibu hilo silikubali, na nitaeleza kwa hesabu.

Wachumi wawili, John Harris na Michael Todaro, waliwahi kufanya utafiti Nairobi katika miaka ya 1960, na mwaka 1970 wakachapisha hoja ambayo imefundishwa vyuoni duniani kote tangu hapo. Kabla yao ilidhaniwa kwamba watu huhamia mjini kwa kuwa kazi zipo. Wao walikuta mji uliojaa watu wasio na kazi na bado wengine wanazidi kuingia. Wakasema mhamiaji hana wazimu. Halinganishi mshahara wa mjini na mapato ya kijijini moja kwa moja. Anachukua mshahara wa mjini, anaupima kwa uwezekano wa kuupata, kisha ndipo analinganisha.

Tuchukue takwimu zetu wenyewe. Gawanya 8,596 kwa 16,113, utapata kama asilimia 53. Maana yake, kijana mwenye uhakika wa kulipwa 8,596 kila mwezi Siakago hafaidiki kwa kuhama isipokuwa nafasi yake ya kupata kazi Nairobi inazidi nusu. Lakini nani Siakago ana uhakika huo? Kazi za vibarua katika nchi kame hufuata mvua. Kuna msimu wa Machi hadi Mei na ule wa Oktoba hadi Desemba, na katikati ni kusubiri. Tuseme kijana huyo anapata kazi nusu ya mwaka tu. Wastani wake unashuka hadi shilingi 4,300 hivi kwa mwezi, na sasa nafasi ya zaidi kidogo ya moja kati ya nne inatosha kumtoa nyumbani. Mwongezee cheti cha kidato cha nne au stashahada ya ufundi, na jamaa mmoja Kayole au Githurai wa kumpa pa kulala miezi ya kwanza. Hapo akibaki ndipo tungepaswa kumuuliza sababu.

Hesabu hii pia inaeleza jambo linalowauma wazazi: wanaoondoka kwanza ni wale waliosomeshwa kwa taabu kubwa. Elimu inaongeza uwezekano wa kupata kazi mjini zaidi kuliko inavyoongeza mazao ya ndengu.

Kenya ilikuwa imekwisha kuijaribu hesabu hii kwa vitendo. Mwaka 1964, muda mfupi baada ya uhuru, serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia saini mapatano ya pande tatu. Waajiri binafsi waongeze wafanyakazi kwa asilimia 10, serikali kwa asilimia 15, na vyama visidai nyongeza wala kugoma kwa mwaka mzima. Nia ilikuwa njema kabisa. Habari zilipofika mashambani kwamba kuna kazi Nairobi, watu waliingia mjini kwa wingi kuliko nafasi zilizotolewa, na foleni ya wasio na kazi ikabaki ndefu. Mapatano yalirudiwa mwaka 1970. Kila ukiongeza kazi mahali pamoja tu, unaongeza pia tumaini la kwenda mahali hapo, na tumaini lina miguu mirefu.

Lazima niseme kitu kuhusu historia, kwa kuwa kwa watu wa Embu na Meru mji haukuwa suala la mshahara pekee. Chini ya ukoloni Mwafrika alihesabiwa mgeni Nairobi. Alitembea na kipande, na akikosa kazi alirudishwa kwao. Aprili 24, 1954, wakati wa hali ya hatari, jeshi na polisi waliuzingira mji katika oparesheni waliyoiita Anvil. Waliotafutwa ni watu wa makabila matatu, Wakikuyu, Waembu na Wameru, na Mbeere wakati huo ilikuwa ndani ya wilaya ya Embu. Makumi ya maelfu walichujwa, na wengi walipelekwa kambini Lang'ata, Manyani na Mackinnon Road. Hali ya hatari haikuondolewa hadi Januari 1960. Kwa kizazi kilichofuata, kuingia Nairobi bila kuulizwa hati, kukodi chumba kwa jina lako, kulipwa na kutumia unavyotaka, ilikuwa haki iliyolipiwa. Anayeuita mvuto huo anasa hajui ulikotoka.

Basi mji ukajaa. Sensa ya 1969 ilihesabu watu 509,286 Nairobi. Ile ya 2019 ikahesabu 4,397,073. Kazi za ofisi na viwanda hazikuongezeka kwa mwendo huo. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliandika ripoti kuhusu Kenya ambayo iliifanya dunia itambue sekta isiyo rasmi: mafundi, wachuuzi na waendesha mikokoteni ambao wapangaji wa mji waliwaona kama uchafu wa kufagia, kumbe ndio waliokuwa wakifanya kazi. Sisi tunawaita jua kali. Zaidi ya nusu karne baadaye, kati ya nafasi mpya za kazi 782,300 zilizohesabiwa nchini mwaka 2024, 703,700 zilikuwa za jua kali. Huko kima cha chini hakina askari wa kukisimamia. Ile 16,113 iliyomvuta, kijana anaweza kuishi Nairobi miaka mitatu bila kuishika mkononi kwa mpigo mmoja.

Halafu kuna gharama. Siakago kijana analala nyumba ya baba yake, anachuma kunde mbele ya mlango, na maji, ingawa ni ya kufuatwa mbali, mara nyingi hayana bili. Nairobi karibu kaya tisa kati ya kumi ni za wapangaji. Kabla ya kuingia chumbani anadaiwa kodi ya mwezi wa kwanza na dhamana yake. Baada ya hapo ni tokeni za stima, maji ya mtungi, nauli ya matatu inayopanda mvua ikinyesha, na choo cha pamoja cha ploti.

Linalomaliza mfuko zaidi, kwa maoni yangu, ni uchumi wa kadogo. Mwenye kipato cha kila siku hanunui mafuta ya lita. Anapimiwa ya shilingi ishirini. Hanunui kilo mbili za sukari bali robo, wala gunia la makaa bali mkebe. Duka la mtaani linafanya hisani kwa kumuuzia kiasi anachokimudu, lakini ukijumlisha vipimo hivyo mwezi mzima amelipa kwa kilo bei ya juu kuliko mwenye gari anayenunua kwenye duka kubwa. Maji ndiyo mfano wa aibu: mtu wa mtaa wa mabanda wa Mukuru anayenunua mtungi wa lita 20 hulipa, kwa kila lita, mara kadhaa ya anacholipa mwenye mfereji ndani ya nyumba mitaa ya kifahari. Mwaka 2017 kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru eneo maalumu la kupangwa, baada ya wakazi wenyewe na watafiti kuonyesha mambo kama haya kwa takwimu. Umaskini wa mjini una riba yake, na riba hiyo haiandikwi katika agizo lolote la mshahara.

Mbona basi hawarudi? Kwanza, hesabu ya mhamiaji si ya mwaka mmoja. Mwaka wa kwanza anakula hasara akijua kwamba wa tatu atakuwa na watu wanaomjua, ufundi, pengine kibanda chake. Pili, hajahama kabisa. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, wala si kwa bahati kwamba tangazo lake la kwanza lilihusu kutuma pesa nyumbani, familia nyingi za Mbeere zimekuwa familia moja yenye meko mawili. Fedha zinashuka kwa simu kulipa karo na kununua mbuzi. Gunia la ndengu na mawele linapanda na gari kwenda Nairobi. Ukiwapima wa mjini peke yao au wa kijijini peke yao, pande zote mbili zinaonekana kupata hasara. Ukiwapima pamoja, utaona kwamba wamegawana hatari: mvua ikikosa, mshahara upo, kazi ikikatika, shamba lipo.

Hapa ndipo muguka, aina ya miraa, unapoingia. Zao hili limebadilisha hesabu ya Siakago kuliko ofisi yoyote ya serikali. Mmea unavumilia ukavu, unachumwa tena na tena katika mwaka, na unalipwa papo hapo. Mwenye ekari chache zilizoshika vizuri anaweza kumshinda kibarua wa Nairobi bila kulipa kodi ya nyumba, na fedha hizo zimejenga vyumba vya kupanga, zimenunua bodaboda, zimefungua maduka. Kwa baadhi ya vijana jibu la hesabu ya Harris na Todaro sasa ni kubaki.

Lakini tazameni soko lake liko wapi. Majani yananyauka haraka, kwa hiyo lazima yafike mjini siku ile ile au asubuhi yake, na mlaji yuko Nairobi na Mombasa. Mei 2024 gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka akitaja madhara kwa vijana, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Wakulima wa Mbeere wakabaki na mazao yasiyo na pa kwenda, hadi Mahakama Kuu ya Embu iliposimamisha marufuku hayo na Rais Ruto kutamka kwamba hayana nguvu. Jirani zetu wa Igembe walikwisha kuonja hilo: Uingereza ilipoipiga marufuku miraa Juni 2014, mji wao wa Maua ulitetemeka kwa uamuzi uliofanywa London. Siwalaumu wazazi wa Pwani wanaoogopea watoto wao; hofu yao ni ya kweli na inastahili jibu. Ninachosema ni kwamba mji mdogo uliosimama kwa mguu mmoja wa zao moja haujaondoka mikononi mwa miji mikubwa. Umetuma majani badala ya vijana.

Kuna jambo jingine lisilosemwa vya kutosha. Mabwawa ya Mto Tana, kuanzia Kindaruma la 1968, kisha Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, yamejengwa pembeni mwetu. Kwa miongo mingi nyaya zilipita juu ya nyumba za Mbeere zikipeleka umeme Nairobi, huku chini yake mtoto akisoma kwa koroboi. Stima, barabara na maji vilipelekwa kwanza mjini, kiwanda kikafuata stima, kazi ikafuata kiwanda, na kijana akafuata kazi. Pengo lile la mshahara lilianzia hapo, agizo la Novemba 2024 limelitia muhuri tu.

Kwa hiyo napendekeza tuache kuwahubiria vijana wabaki. Tuishughulikie ile asilimia. Kila kitu kinachompa kijana wa Siakago mapato katika miezi ya kiangazi kinapandisha kiwango cha tumaini ambacho Nairobi inapaswa kumpa ili ahame: maji ya kunyunyizia, kukausha maembe ambayo leo yanaoza chini ya miti, kukoboa na kufunga ndengu hapa hapa badala ya kuziuza kwa gunia, karakana ya kweli kwa wahitimu wa ufundi. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji, iliyorekebishwa mwaka 2019, inataka wakazi 10,000 ili mahali patambuliwe kuwa mji na 50,000 ili pawe manispaa. Kaunti ya Embu isingojee Siakago ifikie namba fulani ndipo iipangie mitaro, soko na njia za miguu, kwa maana Mukuru iliachwa ijae kwanza, na sasa kila bomba la maji lazima lipite chini ya nyumba ya mtu.

Yote haya yanahitaji ardhi, na ardhi ya Mbeere, iliyokuwa ya koo hadi upimaji ulipoanza katika miaka ya 1970, leo ina hati zenye majina ya wazee ambao watoto wao wamo Kayole na Githurai. Ploti za kando ya barabara zinauzwa, mara nyingine kwa mgeni ambaye ukoo haumjui. Juma lijalo nitaeleza hati hizo zilivyopatikana, kesi zilizozaliwa nazo, na nani anayenunua Siakago sasa.