Je, Wajua? Bariadi iko mkoa gani?
Ukikuta mtandaoni andiko linaloiweka Bariadi mkoani Shinyanga, usilicheke. Lilikuwa sahihi hadi 2012, mkoa wa Simiyu, iliko Bariadi leo, ulipoanzishwa. Wilaya ya Busega, nayo ya Simiyu, ilimegwa kutoka Magu, Mwanza. Maandiko ya zamani kama hayo unaweza kuyapima. Wikipedia ya Kiswahili, kwa mfano, iliyoanza 2003, huhaririwa na yeyote, hata wewe ukisubiri basi stendi ya Bariadi. Kabla ya kunakili, fungua historia ya ukurasa: utaona kila badiliko, tarehe yake na maneno yaliyofutwa. Kisha shuka kwenye tanbihi, maana takwimu isiyo na chanzo haina tofauti na umbeya wa kijiweni. Filamu haina historia kama hiyo ya kukuonyesha kipi ni kweli na kipi kimetungwa. Katika The Last King of Scotland (2006), Idi Amin ni wa kweli. Daktari wake kijana kutoka Uskoti alitungwa na Giles Foden kwenye riwaya ya 1998 iliyozaa filamu hiyo.